FiiO K11 R2R kwenye sebule ya Shangani, Mtwara: nimeisikiliza kutafuta jukwaa la muziki

Nianze na jibu kwa wenye haraka. FiiO K11 R2R ni DAC nzuri, imeundwa kwa uangalifu, na sauti yake nimeipenda. Ila kama unaitaka kwa sababu umeambiwa kwamba ngazi ya rezista iliyo ndani yake (ndiyo hiyo R2R) itakufungulia jukwaa pana la muziki sebuleni, hela yako ina kazi nyingine ya kufanya kwanza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mtanivumilia nikipiga hesabu mbili tatu njiani.

DAC ni kifaa kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta, simu au CD na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya inaukuza na spika inaufanya mtikisiko wa hewa. Kila sabufa yenye Bluetooth inayo DAC ndani. Ya nje unainunua ukitaka kazi hiyo ifanywe vizuri zaidi.

Na jukwaa ninalolisema ni hili: umekaa, macho umefumba, spika mbili ziko mbele yako, na kundi zima la taarab linakaa pale mbele kila mtu na nafasi yake. Mwimbaji katikati. Ganuni kushoto. Fidla zimejipanga kulia, na mpiga dumbaki yuko nyuma yao, mbali kidogo, unausikia ukuta wa ukumbi unavyomjibu. Spika zenyewe huzisikii tena. Ukiwahi kulipata hilo hata mara moja nyumbani kwako, husahau, na ndiyo maana watu wanalitafuta kwa gharama kubwa.

Huku kwetu huwezi kuingia dukani ukasikiliza DAC kabla ya kununua. Fremu za vifaa vya umeme hapa mjini zinauza sabufa, zimepangwa mlangoni na kupigwa kwa nguvu ili mpita njia ageuke. Sina ubaya na sabufa. Kwa harusi na kwa mpira inatosha. Lakini muziki uliorekodiwa kwa makini unataka spika mbili zinazolingana, zilizotengana. Yangu niliiagiza kupitia wakala wa Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi ikiwa ndani ya maboksi mawili. Bei yake ya kuanzia huko nje ilikuwa takriban dola 160. Mpaka inagusa meza yangu, usafiri na ushuru ndani yake, ilikuwa imepita laki tano na nusu.

Vyombo vingine ni amplifaya ya Pioneer ya mtumba na spika mbili ndogo za Wharfedale Diamond, juu ya stendi za mninga alizonichongea fundi seremala wa Chikongola. Muziki unatoka kwenye laptop, nyimbo zilizonakiliwa kutoka CD bila kubanwa.

Sasa ngazi yenyewe. Kuna njia kuu mbili za kugeuza namba kuwa umeme. Kwenye R2R, rezista za thamani mbili tu, moja maradufu ya nyingine, zinapangwa ngazi. Kila biti ya namba, yaani kila 0 au 1 inayoiunda, inafungua au kufunga swichi ya kipago chake, na mchango wa vipago vyote unajumlishwa kuwa volti moja. Biti ya juu kabisa inabeba nusu ya volti yote, inayofuata robo, inayofuata thumuni, hivyo hivyo mpaka chini. Njia ya pili ni delta-sigma: chipu inatumia biti chache sana lakini inazibadilisha mamilioni ya mara kwa sekunde, hesabu yake inayasukuma makelele juu zaidi ya uwezo wa sikio, kisha chujio linayaondoa. DAC nyingi sana za bei ya kawaida leo ni za aina hii ya pili.

Ngazi inavutia kwa sababu inaonekana. Nimeichora ubaoni kidato cha nne wakaielewa ndani ya kipindi kimoja, jambo ambalo delta-sigma haitanipa hata muhula mzima. Lakini uzuri wa mchoro haulindi vipimo. CD ina biti 16, yaani hatua 65,536. Ili kipago cha juu kisikosee kwa zaidi ya nusu ya hatua moja, rezista yake inatakiwa iwe sahihi kwa sehemu moja kati ya hizo 65,536, ambayo ni kama asilimia 0.0015. FiiO wanasema wazi kwamba rezista 192 zilizomo kwenye K11 R2R zina usahihi wa asilimia 0.1. Kwa fundi yeyote hiyo ni rezista nzuri, lakini ni sehemu moja kati ya 1,000. Ngazi zimepangwa mbili mbili kwa kila upande, moja ikipanda nyingine ikishuka, na hilo linapunguza kosa kiasi. Bado, unaposoma biti 24 kwenye maelezo yake, ujue hiyo ni idadi ya vipago.

Na kosa lenyewe linakaa mahali pabaya. Kwenye ngazi ya kawaida, muziki unapovuka sifuri kipago cha juu kinabadilika pamoja na vyote vilivyo chini yake, na hapo ndipo kutolingana kwa rezista kunapojitokeza zaidi. Sauti ndogo haziachi kuvuka sifuri: mwangwi wa ukumbi unaofifia, pumzi ya mpiga nai, uzi wa ganuni unaomalizikia. Hizo ndizo sauti zinazoliambia sikio kwamba mwimbaji yuko karibu au mbali, na ukuta wa nyuma uko wapi. Kwa hiyo kinadharia, kama kuna muundo unaopaswa kupunguza kina cha jukwaa, ni ngazi ya rezista za asilimia 0.1, na wauzaji wanaisifu kwa kina hicho hicho. Nilitaka nilisikie jambo hili kwa masikio yangu, na kwa namna ambayo hamu yangu haitaweza kuniamulia.

Bahati ilikuja na Iddi. Shemeji yangu huyu anakaa Lindi, Mtanda, naye anayo K11 ya kawaida, ambayo ndani yake kuna chipu ya delta-sigma ya Cirrus Logic, CS43198. Kampuni moja, umbo karibu lile lile, miundo miwili tofauti kabisa. Nikamwomba aje nayo.

Kabla ya kusikiliza chochote tulilinganisha sauti. Hili naliomba kwa kila anayesoma, maana hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika: kifaa kinachopiga juu zaidi hata kwa kiasi usichokitambua kinaonekana kipana zaidi na chenye uhai zaidi. Desibeli 0.1 ni tofauti ya volti ya kama asilimia 1, na mita ya mkononi ya bei nafuu inaiona. Tulipiga toni ya hezi 100, kwa sababu mita hizi hupima vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani na hupotoka toni ikiwa ya juu sana. Tukapima kwenye matundu ya spika, tukapunguza sauti ya kile kilichozidi kupitia programu ya muziki mpaka namba zikafanana. Baada ya hapo mdogo wangu alikaa nyuma ya kabati akihamisha waya kwa kufuata matokeo ya kurusha sarafu, akiandika kwenye daftari, haongei. Sisi tulikaa mbele na karatasi zetu.

K11 R2R ina hali mbili. Ya kwanza inapandisha idadi ya sampuli, yaani zile namba za sauti zinazofuatana, na kuzichuja kabla hazijafika kwenye ngazi. Ya pili, NOS (non-oversampling, yaani bila kupandisha), inapeleka sampuli kwenye ngazi jinsi zilivyo. Katika ile ya kwanza, mimi, shemeji na mzee wa jirani tuliyemwalika hatukuweza kuitofautisha na K11 ya kawaida. Tulijaribu taarab ya kundi kubwa la Zanzibar, kaswida ya watoto iliyorekodiwa ndani ya ukumbi, na gitaa moja na mwimbaji mmoja. Karatasi zetu zilikuwa za kubahatisha. Mwangwi ulikufa mahali pale pale kwenye zote mbili. Ule ukwaruzaji niliouogopa kwenye sauti ndogo sikuusikia kwenye muziki wowote, hata nilipovaa hedifoni usiku watu wamelala. Nadhani rekodi zenyewe zina makelele ya kutosha ya maikrofoni na ya ukumbi kuufunika.

NOS ni habari nyingine, na hapa mzee alinifurahisha sana. Amefanya kazi bandarini miaka mingi, hajui rezista wala hataki kujua, lakini amesikiliza muziki tangu enzi za redio ya mbao. Ilipofika zamu ya NOS alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hawa wa fidla wamerudi nyuma kidogo. Wamemwachia mama nafasi." Akaisema tena kila ilipojirudia, na daftari la mdogo wangu likamuunga mkono. Hata mimi niliisikia. Fidla zilikuwa laini zaidi, mwimbaji akasimama mbele yao peke yake, na kati yao kukawa na nafasi.

Basi jukwaa limepatikana? Subirini. Sampuli zikishikiliwa jinsi zilivyo bila kupandishwa, sauti za juu hushuka, na kiasi cha kushuka kinajulikana kwa hesabu. Kwa sampuli 44,100 za CD, kwenye hezi 10,000 kunapungua kama desibeli 0.75, kwenye 15,000 kama 1.7, na kwenye 20,000 zaidi kidogo ya 3. Sikio letu limezoea kwamba kilicho mbali kimefifia juu, kwa sababu hewa hunyonya sauti kali kwanza. Sauti ikipunguzwa ukali, akili inaisogeza nyuma. Nikairudisha K11 ya kawaida, nikafungua kirekebisha toni kwenye programu, nikashusha masafa hayo kwa kiasi hicho hicho. Mdogo wangu akarusha sarafu yake. Mzee akanyoosha mkono: "Wamerudi nyuma tena."

Hapo nilitosheka. Kile kina kinachosifiwa kwenye NOS kipo, hakiwazwi tu, na kwenye rekodi zenye fidla kali ni kizuri. Nilikiacha kikicheza jioni nzima. Ila chanzo chake ni mteremko wa toni, na programu ya bure inakupa mteremko huo kwenye DAC yoyote.

Kuhusu upana, nina kipimo kimoja ninachokiamini: rekodi ya mono, yaani ile inayotoa sauti ile ile kwenye spika zote mbili. Nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 ni za mono, na kwa hiyo kila kitu, magitaa, tarumbeta, waimbaji wote, kinatakiwa kusimama katikati ya spika zako katika mstari mwembamba. Nilimwekea mzee wa jirani wimbo wa Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. K11 zote mbili zilimweka Mbaraka katikati kabisa, mwembamba. DAC ikiitanua mono, au upande mmoja ukivuta, kuna kitu kimeharibika kwenye mnyororo wako, hata kama unakipenda.

Wala sioni jinsi DAC mbili zilizo salama zingetofautiana kwa upana. Sindano ya santuri inatenganisha kulia na kushoto kwa desibeli 25 mpaka 30 hivi, na wapenzi wa santuri wanapata jukwaa pana tu. DAC ya kisasa isiyo na hitilafu hufika 100. Kuna mfano wa zamani ninaupenda zaidi. Sony CDP-101 ya mwaka 1982, mashine ya kwanza ya CD kuuzwa madukani, ilikuwa na DAC moja iliyogawana zamu kati ya kulia na kushoto, kwa hiyo upande mmoja ulichelewa kama sehemu 11 kati ya milioni moja za sekunde. Watu waliliandama sana hilo. Kwa joto letu la Mtwara sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ukizidisha unapata milimita 4 hivi. Ukigeuza kichwa ili ukohoe umeshaharibu zaidi ya hapo. Kipindi hicho hicho Philips waliweka DAC mbili kwenye CD100 yao, moja kila upande, za biti 14 tu, na kupandisha sampuli mara nne. Mabishano ya muundo upi unatoa sauti ya kweli yana umri sawa na CD yenyewe.

Jukwaa linatengenezwa kwa tofauti za muda na za nguvu kati ya spika mbili; mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI ya Uingereza aliliandikia hataza mwaka 1931, nusu karne kabla ya CD. Tofauti hizo ziko ndani ya rekodi. Kinachoziharibu nyumbani kwa kiasi kikubwa ni chumba, na vyumba vyetu ni vigumu: vigae chini, saruji pande zote, madirisha ya vioo. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga ukuta wa pembeni, inafika sikioni milisekunde chache baada ya ile ya moja kwa moja, na akili inashindwa kuamua mwimbaji kasimama wapi.

Nitaje nilichokifanya sebuleni, kwa sababu mabadiliko yake hayakuhitaji sarafu wala daftari. Spika zilikuwa kwenye kabati la TV, zimeegemea ukuta, kila moja pembeni ya glasi za maonyesho. Nikazitoa, nikaziweka kwenye stendi, masikio na spika usawa mmoja, sentimita 70 kutoka ukutani. Nikapima kwa tepu: umbali kati ya spika na spika sawa na umbali wa kila spika hadi kwenye kiti, pembetatu ya pande sawa, spika zikiangalia kiti. Zulia zito likaenda mbele ya kiti kufunika vigae. Kwenye kuta za pembeni, pale ambapo mtu akishika kioo ninaiona spika kutoka kwenye kiti, nikatundika blanketi mbili nzito nyuma ya mapazia ya kitenge. Mume wangu alipinga blanketi, akakubali mapazia. Mpiga dumbaki ambaye alikuwa amebanana na mwimbaji alirudi nyuma ya ukuta wa TV, na ganuni ikatoka nje ya spika ya kushoto. Hakuna DAC yoyote niliyoisikia iliyofanya hata sehemu ya kumi ya hilo.

Feni ni tatizo la kweli. Mwezi wa pili huwezi kukaa bila feni, na mvumo wake unafunika sawasawa zile sauti ndogo tunazozigombania. Ninasikiliza kwa makini baada ya saa tatu usiku, upepo wa bahari ukiingia, feni imezimwa.

Chumvi pia. Ukikaa Shangani au Mikindani, pini za RCA (plagi za waya wa sauti) huota ukijani ndani ya miezi michache, upande mmoja unapungua, na mwimbaji anahamia kulia bila taarifa. Zifute kwa pamba na spiriti, zichomeke na kuzichomoa mara kadhaa. Nimeshaitwa na wenzangu watatu kusikiliza "DAC iliyochoka" na dawa ikawa hiyo.

Nirudi kwenye K11 R2R yenyewe. Kasha ni la chuma, kitufe cha sauti kinazunguka kwa uzito mzuri, skrini ndogo unaisoma hata mchana. Ina sehemu ya hedifoni yenye nguvu kuliko ninavyohitaji, na kwa hedifoni zangu kubwa hii ndiyo sababu ninayoiona nzito zaidi ya kuinunua. Inapokea USB, waya wa mwanga na koaksi. Ukisikia mngurumo laptop ikiwa kwenye chaji, chomoa chaji. Ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia waya wa ardhi. Kutoka kwenye TV tumia waya wa mwanga, haupitishi umeme kabisa.

Ushauri wangu wa ununuzi ni huu. Mwenye sabufa asinunue DAC yoyote. Akusanye mpaka apate spika mbili na amplifaya. Mwenye spika mbili zilizobanwa kabatini anunue stendi na zulia. Mwenye hivyo vyote achukue K11 ya kawaida, ni nafuu zaidi na kwa vipimo ni safi zaidi. R2R ninampendekezea yule mwenye maktaba kubwa ya rekodi kali za zamani anayependa kubonyeza NOS akaipata ile sauti ya fidla laini bila kufungua programu yoyote. Mimi ni mmoja wao, ninaibakisha.

Kwa wa Newala, Tandahimba na Nachingwea mnaotumia sola: adapta yake inatoa volti 12, na najua mtashawishika kuiunga moja kwa moja na betri. Msifanye hivyo. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa jua la saa sita hupanda kupita volti 14. Wekeni kidhibiti cha volti katikati, kipimeni kwa mita kikiwa hakijaunganishwa, ndipo mchomeke.